Andika Kwanza, Igiza Baadaye

Wanasaikolojia huisikia sentensi hii mara kwa mara: "Najua si kweli, lakini ndivyo ninavyojisikia." Mtu anajua kabisa kwamba lifti haitaanguka, na bado anapanda ngazi hadi ghorofa ya nane. Anajua wenzake kazini hawamchukii, na bado kikao kikianza koo linamkauka. Kujua kuko upande mmoja, kuhisi kuko upande mwingine, na haviongei.

Tukiielewa sentensi hiyo vizuri tutaelewa pia kwa nini baadhi ya wataalamu wa tiba ya kikundi wameoanisha njia mbili ambazo kwa sura hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha CBT. Hiyo ni tiba ya kalamu, karatasi na maswali. Ya pili ni saikodrama, ambamo mgonjwa husimama na kuigiza maisha yake mbele ya wenzake. Kabla ya kufika huko inabidi tuanze chini kabisa, kwenye hofu yenyewe.

Hofu ni utabiri. Panya akisikia mlio, kisha akapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni, baada ya mara chache mlio peke yake unatosha kumgandisha. Haogopi mlio, anaogopa kinachofuata. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner waliandika kanuni ya hesabu inayoeleza ujifunzaji wa namna hii, na kiini chake ni rahisi: kiumbe hujifunza pale ambapo kilichotokea kimetofautiana na kilichotarajiwa. Tofauti ikiwa kubwa, funzo ni kubwa. Pasipo tofauti hakuna funzo, hata tukio lirudiwe mara mia.

Mwaka 1997 Wolfram Schultz na wenzake walieleza jinsi jambo hilo linavyoonekana ndani ya ubongo wa nyani. Seli zinazotoa dopamini zililipuka kwa shughuli nyani alipopewa kinywaji kitamu bila kukitarajia. Alipopewa kile alichokwisha kukitarajia, hazikushtuka. Kinywaji kilichotarajiwa kilipokosekana, shughuli yake ilishuka chini ya kawaida. Seli hizo zilikuwa hazipimi utamu wa kinywaji. Zilikuwa zinapima umbali kati ya matarajio na tukio.

Kutokana na hilo yanafuata mambo matatu, na yote yana uzito katika tiba.

La kwanza ni kwamba anayekwepa hajifunzi. Anayepanda ngazi kila siku hajawahi kuipa lifti nafasi ya kumwonyesha kwamba haianguki. Utabiri wake haujawahi kugongana na ukweli, kwa hiyo umebaki mzima kama ulivyokuwa.

La pili ni gumu kidogo. Kuambiwa hakuna nguvu ya kuonja. Emily Holmes na Andrew Mathews walilijaribu mwaka 2005: watu walisikia maelezo ya matukio ya kutisha, wengine wakaombwa kuyaona akilini kama picha, wengine kufikiria tu maana ya maneno. Waliojenga picha walipata wasiwasi zaidi. Habari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njia iliyopitia. Sasa geuza jambo hilo upande wa pili. Ikiwa hofu iliingia kwa picha, sauti na mwili, kuna sababu ya kutilia shaka tiba inayotaka kuitoa kwa hoja peke yake.

La tatu husahauliwa hata na wataalamu: funzo jipya halifuti la zamani. Mark Bouton ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba panya aliyetulizwa hofu ndani ya kizimba kimoja, akihamishiwa kizimba kingine, hofu hurejea. Ubongo umehifadhi mafunzo yote mawili, na mazingira ndiyo yanayoamua lipi litajitokeza. Hata kumbukumbu isiyo ya hofu huwa hivyo. Mwaka 1975, huko Scotland, Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno. Yale waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi chini ya maji, na ya nchi kavu vizuri zaidi nchi kavu. Basi mtu anayejifunza ujasiri ndani ya ofisi tulivu ya mshauri, yenye zulia na pazia, anaweza kuuacha ujasiri huohuo ndani ya ofisi hiyo.

Tiba inayofaa, kwa hiyo, inatakiwa kuutaja utabiri waziwazi, kuugonganisha na tukio, na kufanya hivyo mahali panapofanana na maisha ya mgonjwa. Tuone kila njia kati ya hizi mbili inaweza kipi, tukianza na ile ya kalamu.

Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, alianza kazi Philadelphia kama mfuasi wa nadharia za Freud. Nadharia ilimwambia kwamba mtu mwenye sonona amebeba hasira iliyogeuzwa kumwelekea yeye mwenyewe, na Beck akaamua kuithibitisha kwa kuchunguza ndoto za wagonjwa wake. Hakukuta hasira aliyoitafuta. Alikuta hasara, kushindwa na kukataliwa. Akaanza kusikiliza kwa makini zaidi, akagundua kwamba nyuma ya mazungumzo ya mgonjwa hupita mkondo mwingine wa fikra fupi, za haraka, zisizoombwa: "amenichoka huyu", "nimeharibu tena". Hizo ndizo fikra za papo kwa papo. Chini yake kuna imani za msingi, ambazo ni chache na za kale: sifai, sipendeki, dunia ni hatari.

Mchango mkubwa wa Beck ni kukataa kubishana na fikra hizo. Alizichukua kama dhana ya kisayansi ambayo bado haijapimwa, kisha akamwalika mgonjwa waichunguze pamoja. Chombo maarufu ni jedwali la fikra: tukio, hisia na kiwango chake kati ya 0 na 100, fikra iliyopita, ushahidi wa kuiunga mkono, ushahidi wa kuipinga, fikra mbadala, kisha kiwango cha hisia kwa mara ya pili. Kuna pia mshale wa kushuka, ambao ni swali moja linalorudiwa: "Na ikiwa ni hivyo, ina maana gani kwako?" Linarudiwa mpaka imani ya msingi ifikiwe. Beck aliipenda namba. Dodoso lake la sonona la mwaka 1961 lina vipengele 21, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na limeenea duniani kote.

Udhaifu wa njia hii wanaujua wote waliowahi kuitumia kwa mgonjwa msomi. Anajaza jedwali vizuri mno. Kila safu imepangika, ushahidi wa kupinga ni wa kushawishi, na uso wake umebaki baridi kama aliyejibu mtihani wa historia. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walifanya jambo la ujasiri: waliivunja tiba ya Beck ya sonona vipande vipande. Kundi moja lilipewa kipande cha vitendo tu, kundi jingine likapewa vitendo pamoja na kazi ya fikra za papo kwa papo, kundi la tatu likapewa tiba nzima. Waliopewa vitendo peke yake walipona sawa na wengine. Wapo waliosema karatasi haina kazi. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine: kutenda hubeba mzigo mkubwa kuliko tulivyodhani, na karatasi lazima itafutiwe kazi inayoiweza.

Upande wa saikodrama, Jacob Levy Moreno alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa Bucharest mwaka 1889, akakulia Vienna, akahitimu udaktari mwaka 1917. Unyenyekevu haukuwa sifa yake. Aliwahi kuandika kitabu kizima kwa sauti ya Mungu akizungumza kwa nafsi ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliendesha Vienna ukumbi wa maigizo yasiyoandikwa, ambamo waigizaji walibuni kila kitu papo hapo. Alisimulia kwamba mwigizaji mmoja wa kike, aliyempa jina la Barbara, alizoea kucheza wanawake wapole jukwaani huku nyumbani akiwa mkali kupita kiasi kwa mumewe. Moreno akampa nafasi za watu wakali na wa mitaani, na mume akaleta habari kwamba ugomvi nyumbani umepungua. Hadithi moja ya mtu anayejisifu si ushahidi, lakini ilimpa swali alilolifuata maisha yake yote. Mwaka 1925 alihamia Marekani. Mwaka 1932, katika mkutano wa madaktari wa akili uliofanyika Philadelphia, alitetea tiba ya kikundi. Mwaka 1936 akafungua hospitali Beacon, jimbo la New York, yenye jukwaa lake la tiba. Mkewe Zerka aliiendeleza kazi hiyo miongo mingi baada ya Moreno kufariki mwaka 1974.

Vyombo vya saikodrama havina ugumu. Kuna jukwaa, hata kama ni sakafu iliyoachwa wazi katikati ya viti. Kuna mhusika mkuu, ambaye ni mgonjwa mwenye jambo siku hiyo. Kuna mwongozaji, ambaye ndiye mtaalamu, kuna wanakikundi wanaobeba nafasi za watu wengine, na kuna hadhira. Mhusika anaweza kubadilishana nafasi na mtu anayegombana naye, akakaa kwenye kiti chake na kusema kwa sauti yake. Mwenzake anaweza kusimama nyuma yake kama pacha na kusema kile anachohisi hakijasemwa. Anaweza kutoka jukwaani akamtazama mwingine akimwigiza. Anaweza kuongea na kiti kitupu. Kikao kina sehemu tatu: kuandaa mwili na akili, kuigiza, kisha kushirikishana, ambapo wenzake husema jambo hilo limewagusa wapi wao wenyewe. Kutoa ushauri hapo ni marufuku.

Msomaji wa Tanzania atawakumbuka watani msibani. Mtani anavaa koti la marehemu, anashika bakora yake, anatembea na kukohoa kama yeye, na wafiwa wanajikuta wanacheka katikati ya kilio. Moreno angempa kazi mara moja.

Lakini saikodrama nayo ina tundu lake, na ni kubwa. Moreno aliamini sana kwamba hisia iliyozibwa ikifunguliwa, mtu hupata nafuu. Machozi yakimwagika jukwaani, kila mtu ukumbini huondoka akiamini tiba imefanyika. Huenda imefanyika, na huenda haikufanyika. Mwaka 2002 Brad Bushman aliwakasirisha wanafunzi wa chuo kikuu, kisha akawapa baadhi yao mfuko wa masumbwi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Wengine waliupiga wakifikiria mazoezi ya mwili, wengine walikaa kimya tu. Waliomfikiria mbaya wao walitoka na hasira kubwa kuliko wote. Kulipua hisia bila kubadilisha utabiri ulio chini yake ni kuufanyia mazoezi.

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapohitajiana. Saikodrama inaweza kuzalisha tukio lenye uhai, lakini haina daftari la kusomea tukio hilo. Tiba ya Beck ina daftari, lakini mara nyingi haina tukio. Kitakachoziunganisha ni mpangilio wa wakati tu: utabiri uandikwe kabla ya mchezo kuanza. Ukiandikwa baada ya mchezo, kumbukumbu itaurekebisha ulingane na kilichotokea, na tofauti ambayo ubongo uliihitaji itapotea.

Aliyeifanyia kazi ndoa hii kwa muda mrefu ni Thomas Treadwell wa Chuo Kikuu cha West Chester, Pennsylvania, akiwa na wenzake. Katika vikundi vyao washiriki hujaza kwanza madodoso ya Beck ya sonona, wasiwasi na kukata tamaa. Hufundishwa fikra za papo kwa papo na mshale wa kushuka, na ndipo jukwaa hufunguliwa. Jedwali la fikra la mshiriki ndilo linalogeuka kuwa igizo. Kule Brazil, daktari wa akili Irismar Reis de Oliveira alifika karibu na hapo kwa njia yake mwenyewe. Akiwaza juu ya riwaya ya Kafka kuhusu mtu anayeshtakiwa bila kujua kosa lake, aliigeuza imani ya msingi kuwa kesi mahakamani. Mgonjwa huhama kiti hadi kiti: anajishtaki kama mwendesha mashtaka, anajitetea kama wakili, kisha anapima hoja za pande zote mbili akiwa mzee wa baraza.

Tuingie sasa ndani ya kikao kimoja, kwa mfano wa kubuni. Mwalimu kijana amehamishiwa shule mpya ya sekondari. Kila kikao cha walimu anakaa nyuma na hafungui kinywa. Jedwali lake linasema hivi: mkuu wa shule anaomba maoni juu ya ratiba ya mitihani, aibu, 80, fikra, "nikiongea watanicheka", anaiamini kwa 90. Mshale unashuka. Na wakicheka? Wataona sifai. Na wakiona hufai? Basi itakuwa kweli.

Kabla ya yeyote kusimama, mwongozaji anamdai kitu kimoja zaidi, kwa sababu "sifai" haipimiki. Ni nini hasa kitatokea, kinachoweza kuonekana au kusikika? Mwalimu anaandika mambo matatu: mkuu atanikatisha kabla sijamaliza sentensi ya pili; angalau mmoja atacheka; sauti itanikauka, nami nitakaa.

Viti vinapangwa. Anaulizwa dirisha liko wapi, feni inapiga kelele gani, chupa ya chai iko meza ipi, mkuu anakaaje. Maswali haya si ya kuremba. Tukikumbuka wapiga mbizi wa Scotland, kila kitu kinachofanana na ofisi halisi ya walimu kinaongeza uwezekano kwamba funzo la leo litaitika siku ya kikao.

Anachagua mwanakikundi awe mkuu wa shule. Lakini mkuu huyo hajulikani na yeyote pale, kwa hiyo mwalimu mwenyewe anakaa kwanza kwenye kiti cha mkuu aonyeshe. Mwongozaji anamsalimu: "Shikamoo, Mkuu. Huyu mwalimu mgeni pale nyuma unamwonaje?" Kijana, kwa sauti nzito ya mkuu, anajibu bila kufikiri: "Marahaba. Yupi? Mimi hapa nina ripoti ya afisa elimu, nyie mnaniuliza habari za wageni."

Kikundi kinacheka, naye anacheka. Hili jibu lina thamani gani kisayansi? Halituambii mkuu halisi anawaza nini. Limetoka kichwani mwa mwalimu yuleyule. Ila linaonyesha kwamba kichwa hicho kilikuwa na habari ambazo hofu haikuziuliza. Igor Grossmann na Ethan Kross walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huwaza kwa busara zaidi juu ya tatizo la mtu mwingine kuliko juu ya lao, na kwamba mtu akilitazama lake kwa mbali kama la mwingine, pengo hilo hupungua. Kuhamia kiti cha pili ni njia ya mwili ya kupata umbali huo.

Anarudi kwenye nafasi yake. Mwenzake anaomba ruhusa, anasimama nyuma yake kama pacha: "Naona haya, natamani ardhi ipasuke inimeze." Kanuni ni kwamba mhusika hukubali au husahihisha. Anasahihisha: "Hapana. Si haya. Nimekasirika." Mwongozaji anasimamisha mchezo na kurudi kwenye jedwali, kwa maana kwenye safu ya hisia hapakuwa na hasira kabisa. Hasira juu ya nani?

Tukio la pili linajitokeza lenyewe: sebule ya nyumbani, mtoto wa miaka tisa, wageni wamekaa, mtoto ana habari ya kusimulia, na baba anasema, "Kaa kimya, wakubwa wanazungumza." Wengi wetu tumelelewa hivyo na hatukuugua, kwa hiyo mwongozaji mwenye akili hatamfanya baba kuwa mshtakiwa. Anaweka kiti kitupu. Kijana anakitazama muda mrefu, kisha anaanza kama mtoto aliyefunzwa adabu: "Shikamoo, baba. Siku ile nilikuwa na la kusema." Analisema. Jukwaa limemruhusu kufanya jambo ambalo nyumbani lingekuwa utovu wa heshima, na heshima haikuvunjika, kwa sababu baba hakuwepo. Hilo naliona kuwa faida kubwa ya njia hii katika jamii zetu, ambako ushauri wa kitabuni wa "mweleze mzazi wako hisia zako" unaweza kumgharimu mtu zaidi ya ugonjwa wenyewe. Onyo moja tu: atakachosema akihamia kiti cha baba kisichukuliwe kuwa historia ya familia. Ni mchezo.

Sasa wanarudi kwenye kikao cha walimu. Aliyecheza mkuu ameagizwa asimbembeleze wala asimkomoe, afuate alichoonyeshwa. Mwalimu anasimama na kutoa hoja yake. Katika sentensi ya pili sauti inakauka kweli. Anameza mate, anakunywa maji, anamaliza. Hakuna aliyemkatisha, hakuna aliyecheka.

Karatasi inafunuliwa na utabiri unasomwa kwa sauti. Mambo mawili hayakutokea. La tatu limetokea nusu: sauti ilikauka, lakini hakukaa. Nusu hiyo ndiyo mwongozaji anayoikalia muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na utabiri mwingine uliofichika, kwamba sauti ikikauka ndiyo mwisho. Imani ya "watanicheka" anaipa sasa 65. Ningekuwa na shaka kama angeipa sifuri.

Igizo linarudiwa, na safari hii mmoja ameagizwa acheke. Michelle Craske, aliyechunguza sana jinsi ya kuzima hofu, anasisitiza kubadilisha mazingira na masharti, maana funzo la hali moja laini huvunjika kirahisi. Halafu inakuja kazi ya nyumbani: kwenye kikao kijacho aulize swali moja fupi, na utabiri wake auandike kabla.

Haya yote mtu angeweza kuyafanya na mshauri mmoja chumbani, ila kikundi huongeza kitu ambacho mshauri hana: sura nyingi za watu ambao hawalipwi kuwa wema. Wakati wa kushirikishana, fundi cherehani anasema naye hunyamaza mbele ya wakwe, na mwalimu anagundua kwamba ugonjwa alioudhani wake peke yake una wenyewe wengi. Irvin Yalom, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya tiba ya kikundi, aliuweka ugunduzi huo miongoni mwa mambo yanayoponya. Wanaotazama nao hufaidi. Mwaka 1967 Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wanaoogopa mbwa mtoto mwenzao akicheza na mbwa, na wengi wao walithubutu kumkaribia.

Je, mchanganyiko huu umethibitika? Vipande vyake vina ushahidi mzuri kuliko umoja wake. David Kipper na Timothy Ritchie walikusanya mwaka 2003 tafiti 25 za mbinu za saikodrama. Kubadilishana nafasi na pacha ndizo zilizoonyesha nguvu kubwa. Nchini Uturuki, Zeynep Hamamci alilinganisha mwaka 2006 wanafunzi wenye sonona ya wastani waliopewa mchanganyiko, waliopewa CBT peke yake na wasiopewa kitu. Makundi yote mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu, jambo ambalo halitoshi kusema kwamba mchanganyiko unaishinda CBT, na vikundi vyenyewe vilikuwa vidogo. Kwetu, ushahidi uliopo ni wa CBT ya vikundi bila saikodrama. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 uliwafuata watoto 640 waliofiwa na wazazi, Kenya na Tanzania, waliohudumiwa na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili waliopewa mafunzo mahsusi. Walikuwa na vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja. Katika maeneo matatu kati ya manne tiba hiyo ilizidi huduma za kawaida mwishoni mwa matibabu. Eneo la vijijini Tanzania ndilo halikuonyesha tofauti hiyo.

Si kila mtu anafaa kupanda jukwaani. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliye katika msisimko mkali wa akili, au anayepanga kujiua anahitaji daktari na uangalizi wa karibu. Aliyebakwa au kupigwa vitani haigizi tendo lenyewe upya. Na siri: katika mtaa ambao kila mtu ni shemeji au jirani wa mwingine, kikundi kisicho na kiapo cha kutunza siri ni bora kisianze.

Limebaki swali ambalo msomaji mkali amekuwa nalo tangu mwalimu aliposimama. Vipi ikiwa siku ya kikao halisi mkuu atamkatisha kweli, na walimu wakacheka? Basi utabiri umethibitika, na karatasi itaandika hivyo bila kupindishwa. Daftari linaloruhusiwa kuandika habari njema tu halina sayansi ndani yake. Kikundi kitabadilisha kazi: badala ya kupima imani, kitaigiza mbinu, yaani amwendee mkuu faraghani, atafute mwalimu wa kumuunga mkono, au aombe hoja yake iwekwe kwenye ajenda mapema, na kila mbinu itaandikiwa utabiri wake. Imani moja tu itabaki mezani kupimwa, ile ya mwisho wa mshale: kwamba kuchekwa na watu wanane siku ya Ijumaa kunathibitisha kuwa mtu hafai. Hiyo mkuu wa shule hana uwezo wa kuithibitisha, hata acheke vipi.